Tumeshindwa rufaa Lubumbashi: je, Kinshasa watasikiliza kesi yetu ya parseli?

Swali: «Jambo, Metre. Mimi ni mama wa hapa Ruashi, Lubumbashi. Marehemu baba yetu alinunua parseli mwaka 1994, akajenga, sisi wote tukakulia humo. Alipokufa akatokea bwana mmoja na sertifika, ile hati ya kiwanja iliyoandikishwa serikalini, akasema kiwanja ni chake. TGI, mahakama ya kwanza, tulishinda, lakini Mahakama ya Rufaa wametuangusha. Hukumu niliipata mkononi tarehe 9 Mei. Yaya, ndugu yetu mkubwa, anasema twende Cour suprême huko Kinshasa pamoja na mzee jirani aliyeona baba akihesabu pesa ya kununua, maana mzee huyo hakuitwa hata siku moja. Shemeji anasema hapana, twende Mahakama ya Katiba, ndiyo kubwa kuliko zote. Watu wa avenyu wanasema jaji alikula rushwa. Je, kule watatusikiliza? Na tukiwa tunangoja, wanaweza kututoa nyumbani? Nimekutumia picha za karatasi zote.»

Jambo sana, Mama. Pole kwa mzee, na pole kwa kesi. Picha zako nimezisoma mara mbili, na nitaanza na karatasi ambayo hukuiulizia hata kidogo, kwa sababu ndiyo inayonitisha.

Ni ile ya ukurasa mmoja iliyobanwa mbele ya hukumu, yenye muhuri uliopinda na mwandiko wa kalamu ya bluu. Hiyo ni karatasi ya husye, yule mtu wa mahakama anayepeleka hukumu nyumbani kwa watu. Wewe umesema hukumu uliipata tarehe 9 Mei. Lakini husye ameandika kwamba alifika kwenu tarehe 22 Aprili, na chini kidogo, pale ambapo karatasi inasema «y parlant à», ameandika kwamba alizungumza na mtoto wa ndugu yako, mtu mzima, anayekaa nyumbani, na huyo ametia sahihi. Nadhani alipokea, akaweka kabatini, akasahau, ukaja kuiona Mei. Mambo kama hayo hutokea katika kila nyumba yenye watu wengi. Ila mbele ya sheria, siku zenu zilianza kuhesabiwa Aprili 22. Karatasi ya mahakama ikiachwa nyumbani kwako mikononi mwa ndugu, ni sawa na kukupa wewe.

Katika kesi za mali kama yenu, muda wa kupeleka kasasyo, yaani kuipinga hukumu ya rufaa mbele ya Mahakama ya Kasasyo huko Kinshasa, ni miezi 3 tangu husye alipokabidhi hukumu. Kwa hiyo mwisho wenu ni Julai 22, si Agosti 9 kama mlivyokuwa mkihesabu. (Kesi za jinai zina hesabu yake: siku 40, tena zinaanzia siku hukumu iliposomwa. Nalitaja hilo kwa sababu kila wiki kuna mtu anachanganya hizo mbili.) Kama huyo kijana ni mdogo kuliko ilivyoandikwa, au siku hiyo alikuwa mgeni tu, avoka, yaani wakili, anaweza kulipinga hilo. Lakini usijenge nyumba juu ya hoja hiyo. Shika Julai 22.

Nilipokuwa avoka kijana, baba mmoja wa Katuba aliniletea faili iliyofungwa vizuri ndani ya kipande cha kitenge. Hoja zake zilikuwa nzito kuliko zenu, nakwambia kweli. Nikafungua, nikatafuta karatasi ya husye, nikahesabu: miezi 4 na siku 6. Alikuwa ameiweka chini ya godoro akingoja mtoto wake wa Kolwezi atume pesa. Zile hoja hakuna jaji aliyezisoma hadi leo.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe. «Cour suprême» anayoitaja yaya ilikuwepo, na wazee wengi bado wanaita hivyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliigawa kazi yake kwa mahakama tatu: Mahakama ya Kasasyo, Baraza la Dola ambalo kwenye karatasi utaona linaitwa Conseil d'État, na Mahakama ya Katiba. Kugawa huko hakukufanyika kwa siku moja. Majaji 9 wa Mahakama ya Katiba waliapa mwaka 2015 tu, na kabla ya hapo Cour suprême ya zamani ndiyo iliendelea kubeba mzigo wote. Ndiyo maana jina halijafa midomoni. Kwa ugomvi wa parseli kati ya familia na mtu mwingine, mlango wenu ni mmoja: Kasasyo.

Lakini hapo ndipo yaya yako anakosea, na wengi wanakosea pamoja naye. Anafikiri kuna ngazi tatu, TGI, rufaa, kisha Kinshasa, na kwamba kila ngazi kesi inaanza upya na mtu anaeleza tena shida yake. Rufaa ndivyo ilivyo, kweli. Kasasyo sivyo. Wewe ni mtu wa Lubumbashi, unajua meka ya unga sokoni, lile kopo la kupimia. Majaji wa Kasasyo hawaonji bukari, yaani ugali, kusema ni tamu au imeungua. Wanaangalia meka: ilikuwa meka ya sheria, au mtu aliigonga chini ikaingia ndani? Wanaihukumu hukumu. Nani alinunua mwaka 1994, nani alijenga, nani ni mwongo, hayo yaliishia Mahakama ya Rufaa ya hapa.

Ndiyo maana yule mzee jirani, hata mkimlipia ndege na hoteli, hatafungua mdomo kule. Hakuna kiti cha shahidi. Karatasi mpya pia hazipokelewi ili kuthibitisha mambo ya zamani. Namsikitikia mzee, na nawasikitikia zaidi ninyi, kwa sababu mahali pake palikuwa TGI, au kwa kuchelewa sana rufaa, na sijui kwa nini avoka wenu hakumwomba jaji amsikilize. Kuna njia moja ya kurudi kwenye mahakama ileile iliyotoa hukumu, inaitwa requête civile, kama mtu aligundua baadaye kwamba hukumu ilijengwa juu ya karatasi za uongo, au kwamba mpinzani alificha karatasi ambayo ingegeuza kesi. Mzee si karatasi. Lakini kama mzee huyo ana nakala ya barua ya mauzo ambayo yule bwana aliificha, hapo mwambieni avoka upesi, kwa sababu njia hiyo nayo ina siku zake.

Basi mnapeleka nini Kasasyo? Mnapeleka kosa la sheria lililomo ndani ya hukumu. Kuna makosa ya namna nyingi: mahakama imeamua jambo lisilo lake, imevunja utaratibu ambao sheria inaulazimisha, majaji waliotia sahihi si wale waliosikiliza, sheria imetumiwa mahali pasipo pake, au hukumu haikueleza sababu. Hili la mwisho ndilo maavoka wanalikimbilia sana, na wakati mwingine wanalitumia ovyo, lakini lina mizizi mirefu: ibara ya 21 ya Katiba inasema kila hukumu iandikwe na itolewe sababu. Ukimwambia jaji jambo zito kwa maandishi, naye akaamua bila kuligusa, hukumu yake ina tundu.

Nimetafuta tundu katika hukumu yenu, na nadhani nimeona moja.

Sababu kubwa ya Mahakama ya Rufaa iko ukurasa wa 6, mistari minne tu. Wanasema baba yenu alikuwa na fishi ya parseli, karatasi ya kiwanja kutoka ofisi ya kartie, na kontra (mkataba) ya mauzo, wakati mpinzani ana sertifika, na kwamba kwa ibara ya 219 ya sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, haki juu ya kiwanja inathibitishwa na sertifika peke yake. Mama, hapo sitakudanganya. Kama ni hilo tu, msipoteze pesa. Hivyo ndivyo sheria ilivyo, inaumiza watu wengi wa komine zetu za Ruashi, Katuba na Kenya ambao wazazi wao walinunua kwa imani na kukaa na fishi miaka 30, lakini Kasasyo haitavunja hukumu kwa sababu imeifuata sheria. Tena sertifika ikishapita miaka 2 inakuwa ngumu sana kuitikisa. Kwa kawaida aliyeumizwa hubaki kudai fidia, kiwanja kinabaki kwa mwenye sertifika. Ungekuja kwangu wakati baba yu hai, ningemwambia aende kwa konservatera, yule anayetoa sertifika, kabla ya kununua bati.

Lakini rudi ukurasa wa 3. Pale mahakama yenyewe inasimulia mlichoandika: avoka wenu alisema namba ya kadastre, ofisi ya kupima viwanja, iliyo kwenye sertifika ya yule bwana si namba ya kiwanja chenu, ni ya kiwanja kingine, na akaomba mtu wa kadastre aje kupima. Sasa soma ukurasa wa 6 polepole, kwa kidole ukipenda. Namba haipo. Kupima hakupo. Hawakusema ndiyo wala hapana. Hawakusema hata kwamba ombi halina maana. Wamesema sertifika inashinda fishi, wakanyamaza. Sawa, sertifika inashinda fishi, lakini sertifika ya kiwanja gani? Ukiwa na sertifika ya nyumba ya jirani yangu huwezi kunitoa kwangu.

Hiyo ndiyo hoja ya kasasyo. Haihitaji shahidi wala machozi. Inahitaji mtu aweke ukurasa wa 3 kando ya ukurasa wa 6.

Ikishinda, bado nyumba si yenu. Kasasyo ikivunja hukumu, kwa kawaida hairudishi mali kwa mtu. Inairudisha kesi kwa majaji wengine wa ngazi ileile waisikilize upya. Mliona mfano mkubwa kwenye redio: mwanasiasa Vital Kamerhe alihukumiwa miaka 20 mwezi Juni 2020, rufaa ikapunguza hadi 13 mwaka 2021, Kasasyo ikavunja hukumu hiyo Aprili 2022 na kuirudisha kwa majaji wengine wa rufaa, na ni wao waliosema hana hatia, Juni mwaka uleule. Watu wa mtaani walisema «Kasasyo imemtoa». Hapana. Kasasyo ilifungua mlango, wengine wakaamua. Kwenu ninyi, majaji hao wengine wanaweza kuagiza kiwanja kipimwe, wakakuta namba ni ileile, mkashindwa mara ya pili. Mjue hilo kabla ya kuuza gari.

Kuhusu shemeji. Si mjinga, ni televisheni imemchanganya. Alimwona Martin Fayulu akipeleka malalamiko ya uchaguzi wa rais mbele ya Mahakama ya Katiba, yakakataliwa Januari 2019. Akaona Matata Ponyo mbele ya mahakama hiyohiyo, ambayo mwaka 2021 ilisema haina mamlaka ya kumhukumu waziri mkuu wa zamani, kisha ikageuka, na Mei 2025 ikampa miaka 10. Akafikiri basi hiyo ndiyo juu ya zote. Halafu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, yeye alihukumiwa na Kasasyo, Septemba 2025, miaka 3, kwa sababu mawaziri wa kawaida wana jaji wao pale. Kila mahakama ina watu wake na kazi yake. Mahakama ya Katiba inaangalia sheria kama zinapatana na Katiba, uchaguzi wa rais na wa wabunge wa taifa, rais na waziri mkuu wakishtakiwa. Si ngazi ya kupanda baada ya Kasasyo. Ukiwapelekea parseli ya Ruashi watasema si kazi yao, na wakati huo Julai 22 itakuwa imepita. Conseil d'État nayo muiache. Ni ya kupinga maamuzi ya utawala, na ninyi mnagombana na mtu.

«Jaji alikula.» Mama, nalisikia neno hilo karibu kila siku, na siwezi kusema kila mara ni uongo. Sheria inaruhusu kumshtaki jaji mwenyewe mbele ya Kasasyo kama amevunja sheria kwa makusudi au amekataa kutoa haki. Inaitwa prise à partie. Lakini lazima uonyeshe, si useme. Ukishindwa, unaweza kuamriwa kumlipa yeye fidia. Ninyi mna nini mkononi? Maneno ya avenyu. Mwacheni jaji, shikeni ukurasa wa 6.

Sasa la kutolewa nyumbani, ambalo nadhani ndilo linalowanyima usingizi. Ndiyo, inawezekana. Katika kesi za namna hii kasasyo haizuii utekelezaji. Mpinzani wenu anaweza kumleta husye na polisi kesho, faili yenu ikiwa bado iko njiani. Katika jinai kupeleka kasasyo kunasimamisha hukumu, ndiyo maana watu wanadhani ni hivyo kila mahali. Kuna dawa moja: kuiomba Kasasyo isimamishe utekelezaji, mkionyesha kwamba mkitolewa hasara haitarudishika. Nyumba ambayo familia inalala ndani, ambayo mpinzani anaweza kuibomoa ndani ya asubuhi moja, ni hoja nzuri hapo. Lakini ombi hilo halijiandiki lenyewe. Avoka aliombe mara tu kasasyo inapoingia, asingoje mlango ugongwe. Na pigeni picha za nyumba sasa: kuta, choo, mti wa embe, kila kitu, gazeti la siku hiyo likiwa mkononi mwa mtu.

Avoka wenu wa hapa, hata akiwa hodari vipi, hawezi kutia sahihi ombi la kasasyo yeye mwenyewe. Kuna maavoka wa Mahakama ya Kasasyo, wana baro yao, yaani chama chao, na sheria inataka sahihi ya mmoja wao. Bila hiyo ombi linatupwa kabla ya kusomwa. Kwa hiyo mnahitaji wawili: wa hapa anayeijua faili, na wa Kinshasa anayetia sahihi. Yaya asipande ndege. Karatasi ndiyo zisafiri. Na msimpe pesa mtu anayesema «niko na mtu kule ndani, faili itapita». Nimewaona wengi wa namna hiyo pale kwenye ngazi za jumba la sheria. Sijawahi kuona faili yao hata moja ikipita, ila pesa inapita. Mwombeni avoka wa Kinshasa risiti, na uthibitisho wa grefu, ofisi ya mahakama inayopokea karatasi, kwamba ombi limeingia, wenye tarehe na namba. Kuna pesa ya kuweka grefu. Asiyekuwa na uwezo anaweza kuomba asamehewe, akiwa na karatasi ya serikali inayosema hali yake.

Swali moja ninalo mimi kwako. Kwenye hukumu mko ninyi watatu, wewe, yaya na dada yenu. Lakini kwenye cheti cha warithi ulichotuma naona majina manne. Huyo wa nne, wa Likasi, hakutajwa popote kwenye kesi. Kama kweli hakuitwa wala hakuwakilishwa, yeye ana njia yake mwenyewe ya kuipinga hukumu iliyogusa haki yake bila yeye kuwepo, mbele ya Mahakama ya Rufaa ya hapa hapa, bila kufika Kinshasa. Nayo haizuii kutolewa mpaka jaji aseme, lakini inaweza kwenda sambamba na kasasyo. Mpigieni simu leo, mjue aliwahi kupokea karatasi yoyote au la.

Kisha Jumatatu nenda grefu ya Mahakama ya Rufaa, uombe nakala kamili ya hukumu iliyothibitishwa, yenye muhuri kwenye kila ukurasa. Picha za simu hazitoshi. Omba na nakala ya yale maandishi ya avoka wenu yenye hoja ya namba ya kadastre, muhuri wa grefu wa siku yalipopokelewa uonekane. Wakikwambia rudi wiki ijayo, kaa kwenye benchi.